Sukari ya Maman Consolate

Maman Consolate hakuwa mtu wa kupendeka, na hakujisumbua kupendwa. Kwa miaka ishirini na tatu aliuza sukari katika soko la Nyawera, meza ya tatu baada ya wauza maharage, akiipima kwa kikombe cha bati. Hakuna aliyewahi kupata kwake kikombe chenye kilima. Alikisawazisha kwa kisu, chembe zinazozidi zikarudi kwenye gunia mbele ya macho ya mteja.

"Unataka mulima?" alimwambia anayenung'unika. "Enda ku Kahuzi."

Watu walinuna na wakanunua vilevile, maana sukari yake haikuwa na mchanga wala unga wa kuongezea. Mumewe, dereva wa lori la kwenda Kavumu, alifariki wakati mtoto wao wa pekee, Larissa, alipokuwa na miaka minne. Tangu siku hiyo Consolate aligombana na wenye nyumba watatu, shemeji wanne na paroko mmoja, na katika magomvi yote hayo hakurudi nyuma hata hatua. Larissa alisoma. Alivaa viatu. Akawa mwalimu wa shule ya msingi, na kama kuna aliyefikiri kwamba hayo yalipatikana kwa upole, basi huyo hajawahi kulea mtoto peke yake Bukavu.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamkuta. Ndiyo, yeye muuza sukari! Aliyemwambia ni Martine, nesi wa kituo cha afya na rafiki yake wa pekee, na alimwambia bila kupaka mafuta: ama unaacha sukari, ama tutakukata mguu. Consolate, aliyekuwa akitia vijiko sita katika kikombe kimoja cha chai ya maziwa, alikunywa chai chungu miezi minane. Katika miezi hiyo aliwachukia watu wote. Aliwachukia zaidi wale waliokuja mezani kwake wakilamba vidole.

Mwezi wa tisa Martine alimletea pakiti ya kijani, kubwa kama pakiti ya unga. Binamu yake aliileta kutoka Ujerumani kupitia Kigali, na maandishi yote yalikuwa ya Kijerumani. Ndani mlikuwa na chembe nyeupe, safi, zinazong'aa. Martine alisema inaitwa xylitol, kwamba wanaitengeneza kutoka kwenye miti au magunzi ya mahindi, kwamba ni tamu sawa na sukari lakini haipandishi sana sukari ya damu.

"Mais utaanza na kijiko moja," alionya. "Tumbo yenye haizoee inaikataa. Itakukimbiza."

Consolate alisikia nusu ya kwanza. Wiki moja tumbo lilimkimbiza kweli, kisha likazoea, akapanda hadi vijiko vinne kwa kikombe, na Larissa, aliyekunywa naye chai ile ile, akazoea vilevile. Chai ya kwanza iliyokuwa tamu tena kinywani mwake aliinywa amesimama jikoni, machozi yakimtoka, na kama mtu angemkuta angemfukuza.

Siri ya ugonjwa wake waliijua watu watatu tu: yeye, Martine na Larissa. Kwa nini afiche? Kwa sababu ya Steve. Kijana huyo alikuwa mtaalamu wa kilimo kutoka Nyangezi, mpole, mrefu, anampenda Larissa waziwazi. Baba yake, papa Léopold, naye alikuwa mtu mzuri. Lakini mwenye neno la mwisho katika nyumba ile alikuwa shangazi, tantine Eulalie, dada mkubwa wa Léopold, aliyemlea Steve tangu mama yake alipokufa. Na tantine Eulalie alikuwa ameanza kuulizauliza.

Hilo ni jambo la kawaida. Kabla ya kuoa, watu huuliza: katika nyumba ile kuna wizi? Kuna kifafa? Kuna ugonjwa unaopita kwenye damu? Na zaidi ya yote huuliza habari ya sumu. Watu wa milima hiyo wanaogopa sumu kuliko risasi. Wanaamini kwamba mwanamke mwenye sumu humwachia binti yake, kama anavyomwachia vikwembe vyake vya kuvaa, na kwamba anayemwoa binti amejiletea kifo jikoni. Ndiyo maana mwenye nyumba huonja kwanza kinywaji anachompa mgeni. Hakuna anayeona kuwa ni tusi. Asiyeonja ndiye anayetazamwa.

Basi ilipopangwa siku ya wakwe kuja kujitambulisha, Consolate alipiga hesabu zake. Akionja chai kidogo tu na kuiweka chini, Eulalie ataona. Akinywa chai ya sukari kikombe kwa kikombe pamoja nao, atalipa kwa mguu wake. Akinywa kutoka thermosi yake peke yake, ni balaa kubwa zaidi. Alikata shauri: chai yote itatiwa xylitol. Thermosi nne kubwa, tamu kama inavyotakiwa mbele ya wakwe. Atakunywa nao bila woga, na hakuna atakayejua kwamba ana ugonjwa. Aliliona kuwa wazo la akili sana. Onyo la Martine kuhusu tumbo halikumjia hata kidogo.

Walikuja Jumapili baada ya misa, watu tisa katika basi dogo la kukodi. Eulalie alikuwa mwembamba, kitambaa cha kichwa kimesimama wima, macho yakipita kwenye pembe za nyumba kana kwamba anatafuta panya. Larissa alipomimina chai, hakuna aliyegusa kikombe.

"Maman," Eulalie alisema, "weye njo mwenye nyumba. Anza."

Consolate alikunywa kikombe kizima bila kukitua. Akajimiminia cha pili, akakinywa pia, akimtazama Eulalie usoni. Wageni wakacheka, wakanywa. Eulalie alikunywa vitatu.

"Chai iko tamu," alisema akipangusa mdomo. "Kumbe sukari unajuaka kuitia! Ku soko banasema unaipimaka na kisu."

"Ku soko banasemaka mingi," Consolate alijibu. "Hata weye, tantine, banakusema."

Steve alikohoa. Papa Léopold akauliza haraka habari za mvua. Hata hivyo mambo yalikwenda vizuri, wakakubaliana warudi mwezi ujao kuzungumza mahari, na basi likaondoka na nyimbo.

Nyimbo ziliisha njiani. Dereva alisimama mara ya kwanza kabla hawajaumaliza mteremko wa mji, kisha akasimama tena, na tena, na mara ya nne hakungoja kuambiwa. Watu wazima waliovaa suti na vitenge vya harusi waliingia migombani mbio, kila mtu na mgomba wake. Tantine Eulalie, aliyekunywa vikombe vitatu, aliingia mara sita. Mara ya mwisho mtu mwenye shamba alimkuta.

Jumatatu alasiri walirudi watatu: Eulalie, papa Léopold na Steve. Hawakukaa.

"Tulikuja batu tisa," Eulalie alisema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Bote tisa tulilala inje. Weye na mutoto yako muko wazima. Ulitia nini mu ile chai?"

"Nilitia sukari. Kama tumbo zenu hazizoee kushiba, kosa iko yangu?"

"Sukari gani?"

Swali dogo namna hiyo! Na aliyeulizwa alikuwa amepima sukari miaka ishirini na tatu. Kusema kweli ni kufichua ugonjwa. Kusema uongo, na gunia la sukari liko pale mlangoni halijafunguliwa. Kabla hajachagua, Larissa alisimama.

"Maman, ubaonyeshe tu." Akaenda kabatini mwenyewe, akaileta pakiti ya kijani, akaiweka mikononi mwa Steve.

Consolate alimtazama binti yake kwa hasira. Steve aligeuza pakiti huku na huku, akatikisa kichwa: Kijerumani hakukijua. Eulalie alichovya kidole, akagusa ulimi, akaruka.

"Inatia ulimi baridi! Léopold, onja. Hapana, usionje! Sukari gani inatiaka baridi mu kinywa?" Akatoka uani kutema mate.

"Iko sukari ya bagonjwa!" Consolate alipiga kelele. "Niko na diabète. Haya, mumejua. Mufurahi. Niko mugonjwa, na ile njo sukari yenye nesi alinipatia."

"Mugonjwa wa sukari anakunywaka sukari?" Eulalie alicheka kicheko kikavu. "Unatuona bajinga."

Hapo ndipo Consolate alipofanya jambo ambalo hakuna adui angeweza kumfanyia. Hasira ilimpanda hadi machoni. Alijua, kama kila mtu anavyojua, namna ya kuipima sumu. Alichukua sahani, akamimina maziwa, akatia vijiko vitatu vilivyojaa mbele yao wote, na akamwita mbwa wake, Bobi, aliyelinda uwanja ule miaka tisa.

"Mutazame vizuri," alisema. "Kama ile mbwa inakufa, munifunge kamba na munipeleke kwenye munataka. Mais kama haikufi, weye tantine utapiga magoti hapa ku mulango yangu, na soko yote itakuja kukutazama."

Bobi aliramba sahani hadi ikang'aa. Alitikisa mkia, akamnusa Steve, akaenda kulala kivulini. Robo saa ikapita. Consolate alileta kiti akakaa katikati ya uwanja, akaanza kumtukana Eulalie kwa utulivu, tusi baada ya tusi: kitambaa chake, ndoa yake iliyovunjika, vikombe vyake vitatu. Papa Léopold alitazama saa. Alianza kusema labda ilikuwa maziwa, labda ilikuwa joto, na kweli alikuwa tayari kuomba msamaha.

Bobi alitapika. Akasimama, akajaribu kuja kwa Consolate, miguu ya nyuma ikamwacha, akayumba kama mlevi anayerudi kutoka kwenye pombe ya kasigisi. Akaanguka. Miguu ilipiga hewani, povu likamtoka. Consolate alipiga magoti, akamshika kichwa, akamwita jina. Kabla ya saa kumi na mbili mbwa alikuwa amekufa.

Consolate aliogopa. Mwanamke asiyeogopa mwenye nyumba wala paroko aliogopa kitu kilichokaa katika kabati lake mwenyewe, kitu alichokunywa kila asubuhi. Alinyanyuka, akachukua pakiti, akajitia vijiko vitatu vikavu mdomoni, akatafuna mbele yao.

"Aya! Na miye nikufe!"

"Hautakufa," Eulalie alisema, na safari hii hakucheka. "Benye ile kitu banakunywaka kwanza dawa ya kuizuia. Hata batoto badogo banajua."

Steve alimtazama Larissa. Baba yake akamshika mkono, wakaondoka.

Habari ilifika Nyawera kabla yake. Jumanne watu waliipita meza yake kana kwamba haipo. Jumatano mama mmoja wa maharage alisogeza vitu vyake mbali. Consolate aliketi na kikombe chake cha bati na kisu chake, akiwatazama wote kwa zamu, na hakuna aliyemtazama. Nyumbani Larissa hakula. Steve alikuwa hapokei simu tena.

Alhamisi Martine alikuja akihema, simu mkononi. Alikuwa ametafuta, akasoma, akamwuliza pia binamu yake wa Ujerumani. Mwili wa mbwa, alieleza, ukikutana na xylitol hudanganyika: unadhani ni sukari nyingi imeingia, unatoa insulini bila kiasi, na sukari ya damu inaanguka hadi mbwa anakufa. Mwili wa mtu haudanganyiki hivyo. Mtu akizidisha, tumbo linamkimbiza, basi. Na onyo la mbwa liko kwenye pakiti, nyuma, kwa herufi ndogo.

"Na haukuniambia!" Consolate alifoka.

"Haukuniambia kama uko na mbwa yenye inakunywaka chai!"

Waligombana nusu saa. Kisha wakakubaliana kwenda Nyangezi.

Jumamosi walifika kwa papa Léopold watatu: Consolate, Martine na Larissa. Ukoo ulikuwa umekusanyika sebuleni, watu kama kumi. Hakuna aliyewapa maji. Martine aliisoma tafsiri ya maandishi ya pakiti, akaeleza taratibu, kwa heshima, kama anavyowaeleza wagonjwa wake. Eulalie alingoja amalize.

"Donc inauaka," alisema.

"Mbwa, tantine. Batu hapana."

"Inauaka. Umesema weye mwenyewe."

Martine alieleza tena. Angeweza kueleza hadi pasaka. Papa Léopold aliinua mkono, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli.

"Maman nesi, labda unasema kweli. Miye sikusoma mambo ya dawa. Mais batu ba hapa balisikia kama mbwa ilikufa. Kesho mutoto wa jirani anagonjwa, banasema nani? Na ile kitu mama anaachiaka binti. Miye siwezi kuiingiza mu nyumba."

Steve aliruka kitini. "Nitamuoa! Mukubali, mukatae, nitamuoa!"

"Utamuoa bila sisi," Eulalie alimjibu. "Na siku utakufa, usituite."

Steve alisimama katikati ya sebule. Alimtazama shangazi aliyemlea, akamtazama Larissa, kisha akarudi kuketi. Polepole, lakini aliketi. Larissa aliona. Alitoa sauti ndogo tu kooni, na Consolate, aliyeisikia sauti ya namna hiyo mara moja tu katika maisha yake, siku ya mazishi ya mumewe, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, alijua kwamba mtoto wake hatapona.

Akasimama.

"Larissa haiko mutoto yangu," alisema.

Martine aligeuka kumtazama.

"Sikumuzala. Bwana yangu alimuleta kutoka Kavumu, iko na miezi tatu. Alimuzala na mwanamuke mwengine, na ule mwanamuke alikufa. Miye nilimulea tu." Alisema kwa sauti ile ile ya sokoni, kavu, isiyo na ziada. "Kama niko na sumu, iko yangu. Sikumuachia kitu. Binti apewe tu mume yake."

Ulikuwa uongo usio hata na nguo. Alimzaa Larissa kwa uchungu wa siku mbili, na aliyetaka ushahidi angetazama tu: paji la uso moja, mwanya mmoja katikati ya meno ya juu, hata namna ya kukunja mdomo. Eulalie alitazama. Macho yake yalitoka kwenye mdomo wa mama yakaenda kwenye mdomo wa binti, yakarudi. Hakuwa mjinga. Lakini alikuwa ameoneshwa njia ambayo Steve habaki na kinyongo, ukoo haupati aibu, na mwanamke huyu mwenye matusi hatakanyaga tena kwao. Nani angeikataa?

"Mutoto," alimwambia Larissa, karibu kwa upole, "ile neno, ulikuwa unaijua?"

Consolate alimtazama binti yake. Alikuwa amesema uongo ili uaminiwe, na angekasirika kama ungeharibiwa. Pamoja na hayo, mwili wake wote ulikuwa ukingoja. Ulikuwa ukingoja mtoto apige kelele kwamba si kweli, kwamba huyu ndiye mama yake, na mambo yote yaende yanakokwenda.

Larissa alipangusa macho. Alimtazama Steve.

"Nilikuwa najua, tantine," alisema. "Nilijua tangu zamani."

Watu wakashusha pumzi. Eulalie alisogea kwenye benchi, akapiga kiganja mahali palipobaki wazi karibu naye, na Larissa akainuka akaenda kuketi pale. Papa Léopold aliagiza chai iletwe. Kisha akamgeukia Consolate, akakuna shingo, akamwambia kwa adabu kwamba maneno ya mahari huzungumzwa na watu wa damu ya binti, na kwamba watatafuta ndugu wa marehemu bwana yake, huko Kavumu.

Consolate alichukua mkoba wake. Martine alikuwa akilia, yeye hakulia. Alifika mlangoni, na binti yake, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kumwita jina, alimwita kama wateja wa Nyawera wanavyomwita.

"Aksanti, maman Consolate," Larissa alisema. "Aksanti sana kwa kunilea."